Turubai likishashushwa ndo kazi inaanza: namna ya kukaa na mfiwa

Nawaandikia nyie mliopewa hii kazi juzijuzi, katekista, mwinjilisti, ustadhi, mama wa jumuiya, wote mlioambiwa "nenda kamfariji fulani" na hamna aliyewaonyesha mtu anafarijiwa vipi. Mi niko Ujiji, Kigoma, napita wodini na majumbani huu mwaka wa tisa. Kitu nachotaka mkishike kabla ya vingine ni kwamba usihangaike sana na siku ya msiba. Siku hiyo watu wapo, kina mama wanapika, vijana wanachimba kaburi, hata ukikosekana mambo yanaenda. We andika tarehe kwenye daftari. Siku aliyofariki, afu uhesabu wiki ya tatu, arobaini, mwezi wa sita, na siku ileile mwakani, hizo ndo siku zako. Turubai likishashushwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe na shangazi akapanda treni ya kurudi Tabora, mtu anabaki na kitanda na ukimya, na hapo ndo anahitaji mtu apige hodi.

Ukifika salimia kama mtu wa huku, bila haraka. Kama ni bibi wa Kiha mwamkie kwa Kiha, mwakeye, uliza watoto, uliza mihogo shambani, usikimbilie Biblia wala Kurani. Afu kaa chini. Yeye yuko mkekani na wewe mkekani, usikubali kuletewa kiti ukawa juu yake. Na unyamaze. Najua kunyamaza kunatutesa sie tuliozoea kuhubiri, ila kasome Ayubu 2:13, rafiki zake walikaa nae chini siku 7 mchana na usiku bila neno, na kwa maoni yangu ndo msaada pekee waliompa, walipofungua mdomo wakaharibu.

Kuna maneno uyaache kabisa: "Mungu amempenda zaidi", "jikaze we mwanaume", "utapata mwingine". Hili la mwisho nililisema mimi mwaka wangu wa kwanza, kwa mama aliyetoka kupoteza kichanga, akanitazama, akageukia ukutani, na sikupata nafasi ya kumuomba msamaha. Siku hizi nasema tu "pole mama, mlimuita nani?" Basi. Mtu akishataja jina la marehemu yanayofuata yanakuja yenyewe. Na baba akilia muache alie, Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, Mtume (S.A.W) alilia alipofiwa na mwanae Ibrahim, sasa sisi ni nani wa kumkataza mtu machozi.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi 4 na siku 10, kama ni mjamzito mpaka ajifungue, kwahiyo kama we mwanaume usiende peke yako, tuma mama aende au muende na mama, na mzungumze sehemu ya wazi. Hilo liulize kwanza kwa familia, kila nyumba ina utaratibu wake.

Sasa kuna msiba wetu sie wa ziwani, huu ndo mgumu kuliko yote. Mtu katoka mwalo wa Kibirizi usiku wa giza kufuata dagaa, upepo umekuja, mtumbwi umeonekana, yeye hajaonekana. Ziwa Tanganyika lina kina mpaka mita 1,470 hivi, kuna ambao ziwa haliwarudishi. Mke hataki matanga, maana kukaa matanga kwake ni kama yeye ndo anamuua mumewe, bado anamuwekea sahani ya ugali. Ndugu watakutuma wewe ukamwambie akubali. Usikubali kutumwa hivyo. Usimwambie amekufa, usimwambie atarudi, mwambie "twende wote ufukweni" mkae, hata mara tano, mpaka yeye mwenyewe aulize tunafanyaje. Hapo ndo unamwambia kuwa njia zipo: Waislamu wanamswalia ghaibu, yaani swala ya maiti bila mwili kuwepo, Wakristo tunafanya ibada ya kumwombea bila jeneza, na familia ichague sehemu moja ya kwenda kumkumbuka. Ila mtoto, kifo kikishathibitika, mwambie neno lenyewe, amekufa. Ukimwambia baba amesafiri atashinda pwani anahesabu boti zinazoingia.

Mirathi sio kazi yako. Waambie tu kwamba kuna kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, afu mahakama ya mwanzo, ukishika upande mmoja ndugu wengine hawatakufungulia mlango tena. Na alichokuambia mfiwa kisitokee kwenye maombi ya Jumapili, hata bila kutaja jina, huku mtaani tunajuana.

Usimsahau na ambaye hajafiwa ila maisha yamemgeuka, mzee aliyestaafu serikalini amefika 60 na asubuhi anaamka saa kumi na moja hana pa kwenda, huyo nae anaomboleza, keti nae vilevile.

Ila mfiwa akianza kusema anataka kumfuata marehemu, au wiki zinapita halali wala hali chakula, au pombe imekuwa kila siku, usibaki kuomba tu. Muulize wazi "unafikiria kujiua?", kumuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, sumu ya shambani na vidonge vitolewe ndani, na siku hiyohiyo mumpeleke hospitali, Maweni ya mkoa au kituo cha karibu, maombi yataendelea hukohuko njiani.

Ukiaga usiseme "ukihitaji chochote niambie", hatakuambia. Sema ntakuja Jumanne saa kumi ukishatoka shamba, ntakuja na sukari. Afu Jumanne uende.