Uzingativu wa kila siku bila kutafuta muda wa ziada: hatua ninazofuata Kibuye

Watu wanaoniuliza kuhusu uzingativu hapa Kisumu mara nyingi hawaulizi unaanzaje. Walishaanza, wengine zaidi ya mara moja. Wanachouliza ni kwa nini ikifika wiki ya pili au ya tatu huwa wameacha. Ninavyoona mimi, walilitengea zoezi muda wake lenyewe, na muda wa namna hiyo hapa mjini hauna mwenyewe: mtoto atautaka, mteja atautaka, stima itapotea. Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kibuye. Mazoezi yangu yamedumu kwa sababu niliyafungia kwenye kazi nilizokuwa nazo tayari.

Kwanza tukubaliane tunafanya nini. Unaelekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe pumzi, sauti au mkono ulio kazini. Akili ikitoroka unaitambua, unairudisha, hujigombezi. Basi. Kufuta mawazo kichwani si kazi yetu, na anayejaribu atachoka bure.

Asili yake ni mafundisho ya kale ya Kibudha. Mfumo ulioingia hospitalini ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa na maumivu sugu. Programu yake ni ya wiki nane, na mwanafunzi hutakiwa kufanya mazoezi nyumbani kwa dakika 45 hivi kila siku. Nawaheshimu wanaoziweza. Mwongozo huu ni wa sisi wengine.

Kina mama wa kanisani huniuliza kama nimebadili dini. Sijabadili. Katika mazoezi haya hakuna jina linaloitwa wala maneno ya kukariri. Unakaa na pumzi yako mwenyewe. Mimi huyafanya kisha naomba, na sijaona vikigombana.

Hatua ya 1: Chagua shughuli itakayobeba zoezi

Iwe moja tu. Iwe kitu kinachotokea kila siku utake usitake, tena saa ileile au karibu nayo: kubandika chai, kuoga, kufungua kibanda, kuvaa helmeti kama wewe ni wa boda. Usichague kitu kizuri unachotamani kuanza, kama kuamka saa kumi na moja. Hapo utakuwa unajenga mazoea mawili kwa mpigo, na moja litaanguka na lenzake.

Kisha useme kwa sentensi kamili: "Nikishabandika sufuria ya chai, nitasimama papo hapo na kufuata pumzi kumi." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha miaka ya 1990 kwamba anayepanga kwa mtindo huu, jambo fulani likitokea nitafanya hivi, hutimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Iandike ukutani kando ya jiko ukipenda. Yangu niliiandika kwa chaki ya kukatia nguo.

Hatua ya 2: Pumzi kumi

Simama, nyayo zote mbili chini. Macho yabaki wazi, yatue kwenye kitu kimoja kilicho karibu; sufuria yenyewe inatosha. Usivute hewa kwa nguvu, iache ije inavyokuja. Tafuta mahali unapoisikia waziwazi. Kwa wengine ni puani, hewa ikiingia baridi na kutoka na joto. Kwa wengine ni tumboni, pale leso inapokaza na kulegea. Baki na mahali hapo pamoja tu. Hesabu pumzi inapotoka: moja. Inapotoka tena: mbili.

Utafika nne, halafu utajikuta unawaza karo. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu, kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakiwaza nini. Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 46.9 ya wakati, akili haikuwa kwenye kile walichokuwa wakifanya. Karibu nusu ya siku! Kwa hiyo ukitambua umetoroka, jua kwamba hapo ndipo zoezi lilipo. Sema "nawaza" kimoyomoyo, urudi kwenye moja. Aliyerudi mara tisa hajashindwa. Kazi amefanya kuliko aliyetulia kwa bahati.

Ukiwa na hasira au wasiwasi, iache pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva iitwayo vagasi, na hilo utalisikia mwilini kabla kumi hazijaisha.

Hatua ya 3: Usisubiri kimya

Kimya Kibuye? Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko. Upande mmoja mafundi wanagonga mabati, upande mwingine kuna redio mbili za stesheni tofauti, na barabarani makanga anaita "Kondele! Kondele!" kama vile abiria wote ni viziwi. Mtu akingoja haya yaishe atangoja hadi azeeke.

Badala ya kuyapinga, yafanye yawe zoezi. Acha kuhesabu pumzi, usikilize. Tafuta sauti iliyo mbali kabisa, halafu iliyo karibu kabisa, halafu zilizo katikati. Usizipe hukumu, hii kero, hii nzuri. Sikia nyundo kama sauti ya nyundo: inaanza, inapaa, inakatika. Ndani ya matatu hali ni hiyohiyo, na ukiwa kiti cha nyuma unaweza kulifanya zoezi hili kutoka mjini mpaka Mamboleo na jirani yako asijue. Kwa wa boda na tuktuk: fanyeni mkiwa mmeegesha. Barabarani uzingativu wako ni barabara.

Hatua ya 4: Njugu moja

Darasani kwa Kabat-Zinn walianza kwa kula zabibu kavu moja polepole. Sisi tuna njugu. Nunua zile za kwenye karatasi iliyokunjwa, utoe moja tu. Itazame: ganda jekundu lenye mistari myembamba, limebanduka upande mmoja moto ulipozidi. Isugue kati ya vidole hadi ganda litoke, lione linavyopeperuka. Inuse. Iweke ulimini usitafune. Chumvi itafika kwanza. Tafuna mara moja, usimame, uone mafuta yanavyotoka ndipo utamu unakuja. Nyingine kula kawaida, maisha si njugu.

Hili si la kila siku. Lifanye siku ambayo pumzi zimekuchosha.

Hatua ya 5: Kabla ya kujibu

Januari, shule zikifungua, kibanda changu hujaa mashati na sketi za wanafunzi. Mama anaingia na sauti juu: "Fundi, sketi uliniambia Alhamisi, leo ni Ijumaa!" Hapa natumia zoezi fupi lililotungwa na wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale kwa watu ambao sonona huwarudia. Lao ni la dakika tatu; langu la pumzi tatu. Ya kwanza: nina nini sasa? (Hasira, mabega yamepanda.) Ya pili: nabaki na pumzi tu. Ya tatu: nausikia mwili wote, nyayo kwa pedali. Ndipo nasema, "Pole sana mama, keti, naimalizia pindo." Bila zile tatu ningemjibu vingine, na mteja angehamia kibanda cha pili.

Hatua ya 6: Usiku ndani ya neti

Ukilala chali, anza na vidole vya miguu, panda polepole: kisigino, goti, kiuno, mgongo, taya. Kila kiungo kipe pumzi mbili. Utasinzia ukifika tumboni. Sinzia.

Hatua ya 7: Siku zikikatika

Zitakatika, hasa ukisafiri. Ukienda matanga Siaya au Vihiga huna jiko lako wala saa zako, kwa hiyo shughuli ya kubeba zoezi ibadilishe mapema: chagua kunawa mikono kabla ya kula, kwa sababu matangani watu lazima wale. Mtoto akiugua, punguza kumi ziwe tatu. Usilipe deni kwa kufanya mara mbili kesho yake. Madeni ndiyo hufukuza watu.

Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London cha UCL waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuzoeleka, lakini kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wanaokuahidi siku 21 waache waende zao.

Programu za simu sizikatazi, ila simu hiyohiyo ndiyo huleta ujumbe wa M-Pesa katikati ya pumzi ya sita.

Tahadhari moja nzito. Kama umepitia jambo la kutisha na ukitulia linarudi kwa nguvu, usilazimishe. Fungua macho, simama, taja vitu vitano unavyoviona, na ukiona linajirudia mwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Pumzi hazichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa.

Ukishazoea na ukitaka zaidi, ongeza shughuli kabla ya kuongeza dakika. Ya pili kwangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Wanaotaka kukaa dakika 20 mfululizo waende Dunga, ufukweni mwa ziwa, asubuhi na mapema siku ya kazi, maana wikendi kufika saa nne watu wa samaki wameshajaa na viti vya kivulini vimekwisha.