Pima mwenyewe mlipuko wa gamma kwa laptopu tu

Watu hapa mjini Unguja huniuliza, unapima vipi milipuko ya gamma, ile mimweko mifupi ya miale ya gamma toka mbali angani, na huna darubini? Darubini ipo ila iko angani, mana hewa ya dunia inazuia miale ya gamma, huku chini hatuipati. Fermi, setilaiti ya NASA iliyorushwa Juni 2008, ina kifaa kinaitwa GBM chenye detekta (vinasa miale) 14, na data zake ni bure kwa kila mtu. Leo tunapima ulidumu muda gani mlipuko wa 17 Agosti 2017, ule wa nyota mbili za nyutroni kugongana, kwa saa zetu ilikuwa saa tisa na dakika 41 alasiri.

Hatua ya 1: ingia HEASARC, ndo ghala la data la NASA, utafute bn170817529. Namba zisikutishe, ni mwaka, mwezi, tarehe, halafu 529 ni sehemu ya siku ukiigawa mara elfu kwa saa za Greenwich. Usidaunlodi kila kitu bando likaisha bure, chukua faili za TTE (zinazoandika kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, na saa iliyofika) za detekta n1, n2 na n5 basi, hizo ndo zilizouona vizuri.

Hatua ya 2: fungua kwa Python (lugha ya kuandikia programu) na astropy, maktaba yake ya mambo ya anga. Kwenye jedwali la EVENTS kila mstari ni fotoni moja, TIME ni lini imefika, PHA ni chaneli yake, yaani kundi lake la nishati. Kwenye kila TIME punguza TRIGTIME iliyoko kwenye heda (maelezo ya mwanzo wa faili) ili sifuri iwe pale kifaa kilipostuka, kisha angalia EBOUNDS, jedwali la nishati ya kila chaneli, ubakishe chaneli za keV (kipimo cha nishati) 50 mpaka 300 tu.

Hatua ya 3: hesabu fotoni kwa vipande vya sekunde 0.064, chora grafu. Utaona kilima kidogo karibu na sifuri, usitegemee makubwa, ulikuwa dhaifu huu.

Hatua ya 4, na hapa ndo kazi yenyewe. Gamma za kawaida hazikatiki hata dakika moja, zinapanda na kushuka polepole kama maji kujaa na kupwa kwa vile setilaiti inazunguka, kwa hiyo chukua sekunde kadhaa kabla ya mlipuko na kadhaa baada yake, mkia ukishaisha, upitishe mstari kisha uutoe. Ukichukua karibu mno unakula mkia wa mlipuko na jibu linafupika, ukienda mbali mno mstari unapinda. Jaribu sehemu tofauti tofauti uone jibu linavyohama, mtu akikupa namba moja bila kosa lake, yaani inaweza kuzidi au kupungua kiasi gani, usimwamini.

Hatua ya 5: jumlisha zilizobaki. Muda toka jumla hiyo ifike asilimia 5 mpaka ifike 95 ndo T90, kipimo cha mlipuko ulidumu muda gani. Timu ya GBM walipata sekunde 2.0, kosa 0.5, yaani palepale kwenye mpaka wa milipuko mifupi na mirefu.

Ukishazoea usikimbilie ule wa 9 Oktoba 2022, ulikuwa mkali hata detekta zikazidiwa, hesabu hii ya kawaida itakudanganya.