Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu

Ndugu yangu unayeishi magharibi mwa Marekani, kabla hujasafisha stoo au gereji iliyofungwa majira yote ya baridi, weka ufagio chini kwanza. Huko kuna panya mdogo wa porini, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anayebeba virusi vya hanta. Yeye mwenyewe haugui. Mkojo na mavi yake yakikauka, ukafagia, virusi hupanda pamoja na vumbi nawe unavivuta. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi hivi ulitambuliwa mwaka 1993, pale mipaka ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah inapokutana.

Fungua milango na madirisha, kisha ondoka kwa nusu saa. Vaa glavu za mpira. Changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 9 vya maji, nyunyizia taratibu mpaka uchafu ulowe chepechepe, subiri dakika 5, ndipo uokote kwa karatasi na kufunga kwenye mfuko. Piga deki, nawa.

Ukipata homa na maumivu ya mapaja au mgongo ndani ya wiki 8, mwambie daktari habari za panya hata kama hajauliza. Tafadhali usisubiri: mapafu hujaa maji haraka sana.