Grupu la jumuiya liendeshwe vipi ili watu waendelee kuja Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, katibu mwenzangu. Umekabidhiwa daftari la jumuiya na grupu la WhatsApp, na hilo la pili ndilo litakalokuchosha. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku Kimara, na grupu letu lina kazi moja tu: kuwafikisha watu kwenye nyumba ya mwenzao kwa sala ya Jumamosi. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa la majirani wanaojuana kwa sura.

Wapo wanaofunga grupu wakabaki viongozi tu wanaoandika. Mimi siafiki, aliyeuguliwa na mtoto usiku wa manane ataandika wapi? Acha wazi, ila zile fowadi za "tuma kwa watu kumi upate baraka" zifute bila kuomba radhi.

Tangazo la Jumamosi litoke Ijumaa jioni. "Kesho kama kawaida" haimsaidii mpangaji mpya. Andika: "Saa 12:30 asubuhi tunasali kwa familia fulani. Ukishuka kituoni fuata barabara ya vumbi, pita duka la Mangi, geti la bluu kulia." Weka na masomo ya Jumapili. Wenye kitochi kila mmoja apangiwe jirani wa kumgongea mlango. Majina yao yakae nyuma ya daftari.

Kwenye ugonjwa ndipo utakapopaangalia sana. Mtu akiandika "mama amelazwa", mara moja zinamiminika emoji za mikono ya sala, "Mungu atende", "pole mpendwa", na kila aliyeandika anajiona ameshafika hospitali. Wewe usiongeze ya kwako. Mpigie mwenye mgonjwa: yuko wodi gani, saa ya kuona wagonjwa ni ngapi, anakula nini, watoto wamebaki na nani? Ndipo urudi kwenye grupu: "Leo jioni anatakiwa mtu wa kupeleka uji. Kesho asubuhi wa kuwapeleka watoto shule. Nani?" Wakinyamaza, piga simu mmoja mmoja. Tangazo ni rahisi kulipita. Kumkatalia Mama Katibu anayekuita kwa jina ni kazi. Na picha ya mgonjwa kitandani ifutwe hata kama kaituma mwanawe wa kumzaa.

Msiba ni hivyo hivyo. Rambirambi ziingie kwenye simu ya mhazini, lakini wakabidhi waliokaa chini ya turubai, si wapita njia wenye bahasha.

Zaka na michango: taja jumla iliyopatikana, basi. Orodha ya wasiotoa ukiibandika, Jumamosi utasali na waliotoa peke yao. Anayedaiwa mhazini amfuate pembeni, tena taratibu. Ada za shule zina misimu yake.

Ukiona mtu ametoka kwenye grupu, usimrudishe papo hapo. Mara nyingi ni simu mbovu au bando, lakini pengine kuna neno alisemwa, nalo halimalizwi kwa kuandikiana. Mchukue mwenyekiti, nendeni kwake jioni akiwa ametoka kazini. Mwacheni aongee kwanza, na habari za grupu msizitaje mpaka azitaje mwenyewe.