Bei Ikivunja Dari: Jinsi ya Kuutambua Mvunjo wa Kweli Kwenye Chati ya Fedha

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, siku za giza taa za wavuvi hujaa ziwani, dagaa wanashushwa kwa wingi na bei inalegea. Mbalamwezi ikirudi, mzigo unapungua na bei inapanda. Mchuuzi wa siku nyingi anaijua bei ambayo wanunuzi wa jumla huacha kubishana na kuanza kupakia magunia, na anaijua ile ambayo hutikisa kichwa na kuondoka. Ya kwanza ndiyo sapoti, yaani sakafu. Ya pili ni rezistansi, yaani dari. Soko la fedha za kigeni nalo lina bei za namna hiyo, na fedha nyingi hupotea pale mtu anapodhani dari imevunjika kumbe imeguswa tu.

Anza na chati ya saa 4, yaani ile ambayo kila mshumaa, kijiti kinachoonyesha bei ilivyokwenda, umebeba saa nne za soko. Rudi nyuma miezi miwili au mitatu, utafute mahali ambapo bei iligeuka angalau mara 2. Mara 3 ni bora zaidi. Usichore mstari mwembamba kama uzi. Chora ukanda wa pipsi 10 hivi, pipsi ikiwa hatua ndogo ya bei, kwa sababu wauzaji hawaweki oda zao wote kwenye namba moja. Kwa jozi ya euro na dola pipsi moja ni 0.0001, kwa dola na yen ni 0.01. Viwango vitatu au vinne vinatosha. Chati yenye mistari kumi na mitano haikufundishi kitu, maana popote bei itakapoelekea itaonekana imevunja kiwango fulani.

Tuseme euro imegonga 1.0950 mara tatu ikarudi chini. Ukanda wako ni 1.0945 hadi 1.0955. Leo bei inafika 1.0963. Usiguse kitufe. Subiri mshumaa wa saa 4 ufunge, kisha utazame umbo lake. Mwili ni kutoka bei ya kufungua hadi ya kufunga, na utambi ni kijistari kinachoonyesha bei ilipofika kisha ikarudi. Ukifunga 1.0972, mwili mnene na utambi mfupi juu, wanunuzi wameshikilia hadi mwisho. Ukifunga 1.0948 na kuacha utambi mrefu juu ya ukanda, huo ni mvunjo wa uongo.

Mvunjo wa uongo una sababu yake, na ukiielewa hautakushangaza tena. Waliouza kwenye 1.0950 wameweka stoplosi zao, yaani oda za kufunga biashara yenyewe bei ikiwageuka, juu kidogo ya dari. Stoplosi ya muuzaji ni oda ya kununua, kwa sababu aliyeuza hufunga biashara yake kwa kununua tena. Bei ikizifikia, oda hizo zinafyatuka kwa pamoja na kuisukuma bei pipsi kadhaa juu. Wenye pupa wanaona mshumaa unapaa, nao wananunua. Kama nyuma yao hakuna wanunuzi wapya wenye mzigo mkubwa, msukumo unaisha hapo hapo. Wauzaji wakubwa wanauza kwa bei nzuri zaidi, na waliorukia juu wanabaki wamenasa.

Hata baada ya mshumaa kufunga vizuri, mara nyingi bei hurudi kuigusa dari ya zamani. Hapo ndipo pa kuingilia, kwa sababu dari ikishavunjwa kweli hugeuka sakafu. Katika mfano wetu, bei inashuka hadi 1.0956, inakataa kuingia tena ndani ya ukanda, na mshumaa unaofuata unafunga juu. Nunua 1.0958, stoplosi 1.0928, chini kabisa ya ukanda. Hiyo ni hatari ya pipsi 30. Kama dari inayofuata iko karibu na 1.1018, faida inayotafutwa ni pipsi 60, mara mbili ya hatari. Dari hiyo ikiwa 1.0985 tu, iache biashara hiyo hata kama mvunjo umependeza. Na kuna siku bei haitarudi kabisa, iache iende.

Hesabu ya loti, yaani ukubwa wa biashara, ifanyike kabla ya kuingia. Kwa euro na dola, loti 0.01 ni euro 1,000, na kila pipsi ni senti 10 za dola. Pipsi 30 ni dola 3. Mwenye akaunti ya dola 300 anahatarisha asilimia 1, na hicho ni kiasi cha kuvumilika. Mwenye dola 100 anahatarisha asilimia 3 kwa loti ndogo hiyo hiyo; akipoteza mara tano mfululizo, jambo la kawaida kabisa, dola 15 zimekwenda. Asijaribu kuponya hilo kwa kusogeza stoplosi ndani ya ukanda, kwani bei itaigusa tu ikipumua.

Kwa saa za Mwanza, London hufungua saa 4 asubuhi majira yao ya joto na saa 5 majira ya baridi. New York huanza saa 9 alasiri au saa 10. Mivunjo yenye nguvu hutokea zaidi saa hizo. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hufika saa 9:30 alasiri au 10:30. Mishumaa ya dakika hizo usiiamini. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 7 na ushee, spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, hupanuka na kugusa stoplosi bila soko kwenda popote.

Anayeuza naye ana mtego unaomsubiri. Chati za MetaTrader, programu wanayotumia wengi kufanya biashara hii, kwa kawaida huonyesha bei ya kuuzia, lakini oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia, ambayo iko juu zaidi. Kwa hiyo ukiuza baada ya sakafu kuvunjika, ongeza spredi kwenye stoplosi yako.

Stoplosi iwekwe wakati ule ule wa kufungua oda, ikae kwenye seva ya broka, yaani kompyuta za kampuni unayofanyia biashara. Umeme ukikatika Nyegezi au bando likiisha, itafanya kazi bila wewe. Haikulindi na kila kitu, lakini. Benki kuu ya Uswisi ilitangaza mwaka 2011 kwamba euro haitashuka chini ya faranga 1.20, na tarehe 15 Januari 2015 ikaiondoa sakafu hiyo ghafla. Bei iliruka stoplosi za watu wengi, oda zikafungwa mbali sana na pale zilipowekwa, na wapo waliobaki wanadaiwa na broka zao. Waliokuwa na loti ndogo waliumia kidogo.