Jenga nyumba inayokula umeme kidogo, na usipoteze ruzuku yako

Wateja wengi hunijia nyumba ikiwa imeshapigwa rangi, wakiuliza wafunge nini ili bili ya umeme ishuke. Hapo tunabaki na taa na vyombo tu, maana kazi kubwa imeshafunikwa na plasta na dari. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kinachofunikwa kwanza, na makaratasi ya ruzuku yanatembea sambamba na fundi.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kununua chochote

Ruzuku nyingi za kuokoa umeme, ziwe za serikali au za shirika la umeme, huja kwa kurudishiwa: unalipa mwenyewe, kisha unarejeshewa sehemu. Angalia kama unatakiwa kupata kibali kwanza. Kama ni lazima, risiti yenye tarehe iliyotangulia kibali inaweza kukukosesha fedha yote. Angalia pia kama nyumba mpya inakubaliwa, kwa kuwa ipo mipango ya nyumba za zamani pekee. Halafu chukua orodha ya vifaa vinavyokubalika na ulinganishe namba ya modeli herufi kwa herufi. Herufi moja ya mwisho ikitofautiana, hicho ni kifaa kingine.

Fedha hiyo usiitegemee kumalizia nyumba. Huja kazi ikiwa imekwisha.

Hatua ya 2: Rekebisha ramani

Jua la asubuhi na la jioni huja chini chini, na upenu wa paa hauwezi kulizuia. Elekeza upande mwembamba wa nyumba mashariki na magharibi, na punguza madirisha makubwa huko. Weka bafu na jiko karibu na hita ya maji. Kwenye karatasi, mabadiliko haya ni mstari wa penseli tu.

Hatua ya 3: Paa na kuta, kabla ya dari

Hapa usiwe na haraka. Katika sufi ya nyuzi za kioo, yaani blanketi la kuzuia joto linalowekwa juu ya dari na ndani ya kuta, kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukiikandamiza, umeitoa hewa. Nimewahi kumsimamisha fundi aliyekuwa akiishindilia kwa goti nyuma ya waya. Njia sahihi ni kuipasua katikati ya unene wake, nusu ipite nyuma ya waya na nusu mbele, halafu uikate kwa kisu kikali kuzunguka boksi la swichi. Isibaki nafasi hata ya kidole.

Karatasi ya kung'aa chini ya bati nayo ina sharti lake: lazima iwe na uwazi wa hewa, angalau sentimita 2. Ikigusana na bati, joto hupita moja kwa moja na mng'ao wake hausaidii.

Sasa piga picha. Simamisha futi ndani ya sufi ili unene usomeke, kisha piga lebo ya kifurushi. Mteja wangu mmoja alifunga dari Ijumaa, na mkaguzi wa ruzuku akaja Jumatatu. Ilibidi tupasue dari mpya mahali pawili ili aone kilichomo. Iliniuma, kwa sababu picha tatu zingetosha.

Hatua ya 4: Ziba mianya

Siku yenye upepo, funga madirisha na milango, washa kijiti cha udi, upitishe taratibu pembeni mwa fremu na pale mabomba yanapotoboa ukuta. Moshi ukiyumba, pana mwanya. Lakini nyumba iliyozibwa vizuri lazima iwe na feni za kutoa hewa nje, jikoni na bafuni. Hasa penye moto wa gesi, hili halina mjadala.

Hatua ya 5: Maji ya moto

Hita ya kawaida ya koili hugeuza uniti 1 ya umeme kuwa uniti 1 ya joto. Hita ya pampu ya joto huvuta joto kutoka hewani, hivyo kwa uniti hiyo hiyo hutoa 2 hadi 3. Ipe chumba chenye hewa ya kutosha, na uvishe mabomba ya maji moto sponji yake. Hata kama huna mpango wa sola sasa, pitisha bomba tupu la waya kutoka kwenye boksi kuu la umeme hadi darini.

Hatua ya 6: Taa na kiyoyozi

Balbu 10 za wati 60 zikibadilishwa kwa LED za wati 10, zikiwaka saa 5 kwa siku, zinaokoa uniti 2.5 kila siku, zaidi ya 900 kwa mwaka. Ukubwa wa kiyoyozi ukadiriwe baada ya hatua ya 3. Kikubwa kupita kiasi huwaka na kuzima mara kwa mara, na unyevunyevu unabaki chumbani.

Hatua ya 7: Faili

Piga picha ya kibati cha namba kabla kifaa hakijafungwa, maana mara nyingi hugeukia ukutani. Ankara ioneshe modeli, tarehe na jina la fundi mwenye leseni. Peleka nakala, ubaki na halisi, na uandike tarehe ya mwisho ya maombi juu ya jalada. Mara nyingi siku huanza kuhesabiwa kifaa kinapofungwa, hata kama hujahamia.