Kusoma ukuta wa sisti ya dermoidi: ya uso na ya shingo

Sisti ni kifuko kilichofungwa chenye ukuta na uji ndani; ya dermoidi hutokana na ngozi iliyonaswa ndani mtoto akiwa bado tumboni. Ukiipasua mezani, sisti iliyotolewa kwenye nyusi na ile ya chini ya kidevu zote hutoa uji wa manjano unaofanana na samli iliyoganda, mara nyingine na nywele ndani. Uji huo usikushawishi. Jibu la ni sisti ya aina gani liko ukutani.

Hatua ya 1: Soma fomu iliyokuja na sisti, uone ilitolewa wapi. Usoni sisti nyingi za watoto hukaa ncha ya nje ya nyusi, juu ya mshono wa mifupa. Ya daraja la pua yaweza kuwa na mzizi unaoingia hadi ndani ya fuvu, ndiyo maana daktari hupiga picha ya CT au MRI kabla ya kuigusa. Shingoni hukaa katikati, chini ya kidevu.

Hatua ya 2: Ihifadhi kwenye formalini ya asilimia 10, kisha kata vipande kadhaa vya ukuta, hasa pale penye unene. Usiukwangue ukuta unapoondoa uji. Niliwahi kuandika "epidermoidi", yaani sisti isiyo na nywele wala tezi ukutani, kwa kipande kimoja tu. Nilipokata cha pili nikakuta tezi moja ya mafuta, ikabidi nirekebishe ripoti.

Hatua ya 3: Weka slaidi chini ya hadubini. Ndani utaona seli bapa zilizopangana tabaka kwa tabaka, zikimwaga keratini, protini ngumu ya ngozi ya juu. Sasa toka nje kidogo ya utando huo, utafute mashina ya nywele, tezi za jasho na tezi za mafuta. Hizi za mafuta zina seli zenye povu jeupe na kiini katikati. Chochote kati ya hivyo vitatu kikiwepo, ni dermoidi. Visipokuwepo kabisa, ni epidermoidi. Ukikuta tishu za matabaka yote matatu ya kiinitete, kama misuli au utando wa utumbo, ni teratoidi. Mgawanyo huu ni wa mtafiti Meyer, 1955.

Hatua ya 4: Kwa shingo, ondoa zinazofanana nayo. Vifuko vya tezi ya thairoidi ukutani huashiria sisti ya mfereji wa thairoglosi, njia ambayo tezi ya thairoidi hushukia kutoka ulimini kabla ya kuzaliwa. Tishu nyingi za limfu, uvimbe ukiwa ubavuni mwa shingo, huashiria sisti ya brankia, inayotokana na mabaki ya matao ya shingo ya kiinitete.

Sisti iliyopasuka mwilini huweza kupoteza utando wote. Hapo tafuta seli kubwa zenye viini vingi zilizozingira kipande cha unywele, dalili kwamba ukuta ulikuwa na nywele, na uandike kwenye ripoti ni vipande vingapi ulivyosoma.